Jinsi ya kuthibitisha chanzo cha akiba ya miaka mingi unaponunua nyumba

Maswali ni yaleyale. "Hela nimeweka kidogo kidogo kwa miaka kumi na tano, leo wakili ananiuliza nimezitoa wapi. Nimjibu nini?" "Benki niliyoanzia ilishafungwa, nifanyeje?" "Kwani salio lenyewe halitoshi?" Mwongozo huu ni wako wewe mwenye fedha halali, ulizozipata kwa jasho, ambaye hukuwahi kufikiri kwamba siku moja utaombwa karatasi za mwaka ulioanza kazi.

Nianze na hilo la mwisho. Salio halitoshi, kwa sababu linaonyesha tu kwamba fedha unazo. Unachoulizwa ni zilikotoka. Habari njema ni kwamba hutakiwi kueleza safari ya kila senti. Unatakiwa kuonyesha njia inayofuatika, kutoka fedha zilipo leo kurudi hadi kwenye kipato kinachoeleweka. Palipo na pengo, unaliziba kwa ushahidi wa pembeni na maelezo yenye saini yako.

Kwa nini wanauliza

Kwa ufupi tu. Mwaka 1989 nchi za G7, zikikutana Paris, ziliunda kikosi kazi cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha (yaani kuzifanya fedha za uhalifu zionekane halali), kinachojulikana kwa kifupi FATF. Viwango vyake ndivyo vinavyofuatwa na nchi nyingi duniani zinapotunga sheria zao. Mwaka 2003 viwango hivyo vilipanuliwa, vikawagusa pia mawakili, wathibitishaji wa hati na madalali wa nyumba wanaposhughulikia ununuzi wa majengo. Ndiyo maana mzazi wako huenda alinunua nyumba miaka ya 1990 bila kuulizwa lolote, na wewe unaulizwa na watu watatu kwa wiki moja: benki inayokukopesha, wakili na dalali. Kila mmoja ana wajibu wake kisheria. Asipouliza, anayeingia matatani ni yeye. Kwa hiyo usilichukue swali kama tuhuma.

Viwango hivyohivyo vinazitaka benki zitunze kumbukumbu kwa miaka isiyopungua mitano. Nchi nyingine zimeongeza muda huo. Lakini ukiisha, benki hailazimiki tena kuwa na taarifa zako za zamani, na hapo ndipo mwenye akiba ya muda mrefu anapobanwa: fedha zake zina umri mkubwa kuliko karatasi zake.

Kuna maswali mawili yanayofanana, na wengi huyachanganya. Chanzo cha fedha ni swali kuhusu fedha za ununuzi huu: zimetoka akaunti gani, zilifikaje hapo. Chanzo cha mali ni swali pana zaidi: kwa jumla, umewezaje kuwa na kiasi hiki maishani? Mwenye akiba ya miaka mingi hujikuta akijibu yote mawili, kwa sababu fedha zake za leo ndizo kipato chake cha miaka iliyopita.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitambulisho au pasipoti ambayo haijaisha muda, pamoja na hati ya ndoa au ya kubadili jina ikiwa majina yako yamewahi kutofautiana.
- Orodha ya akaunti zote ulizowahi kuweka akiba, hata zilizofungwa: jina la benki, tawi, namba ya akaunti kama unaikumbuka, mwaka wa kufungua na wa kufunga.
- Orodha ya waajiri wako au biashara zako, na miaka yake.
- Ritani za kodi, au njia ya kuingia kwenye akaunti yako ya mamlaka ya kodi.
- Taarifa ya michango yako ya mfuko wa pensheni au hifadhi ya jamii.
- Karatasi za kale zilizoko kabatini: vitabu vya akiba, vyeti vya amana ya muda maalumu, slipu za mshahara, mikataba ya kuuza gari au kiwanja, barua za mirathi.
- Muda. Benki inaweza kuchukua wiki kadhaa kutoa kumbukumbu za zamani. Anza kabla hujapata nyumba unayoitaka, si baada ya kuweka saini.

Hatua kwa hatua

1. Uliza kwa maandishi wanataka nini hasa.

Kabla ya kukimbilia benki, mwandikie wakili au ofisa wa mikopo umuulize mambo manne. Anataka taarifa za kurudi nyuma miaka mingapi? Ingizo la kiasi gani na kwenda juu linahitaji maelezo? Anapokea nakala za kidijiti zilizopakuliwa benki, au anataka zenye mhuri? Na palipo na pengo, anakubali hati ya kiapo?

Majibu yatatofautiana. Sheria zinamtaka kila mmoja apime hatari mwenyewe, na hivyo faili lililopita kwa wakili wa rafiki yako linaweza kurudishwa na wa kwako. Wala usijibane kwa kujibu swali dogo kuliko lililoulizwa. Akisema anataka kujua fedha "zilivyojengeka", taarifa za miezi 3 hazitamtosha.

2. Acha fedha zilipo.

Hapa ndipo watu wengi hujiharibia kwa nia njema. Mtu anasikia ataulizwa, anaanza kukusanya: huyu anahamisha kutoka akaunti tatu kwenda moja "ili ionekane safi", yule anafunga amana ya muda maalumu, mwingine anapeleka benki keshi iliyokuwa nyumbani. Kila uhamisho ni mstari mpya wa kuelezwa, na akaunti iliyofungwa ni ngumu zaidi kuipatia taarifa. Fedha iliyotulia miaka kumi mahali pamoja ni ushahidi mzuri kwa kutulia kwake. Usiuvuruge. Ikibidi kuhamisha, hamisha mara moja, kiasi kizima, moja kwa moja kutoka akaunti yako kwenda akaunti yako, na uhifadhi taarifa za pande zote mbili.

3. Chora njia ya fedha kutoka leo kurudi nyuma.

Chukua karatasi. Juu kabisa andika akaunti ambayo fedha za nyumba zitatoka, na salio la leo. Chini yake jibu: ziliingia humu lini, na kutoka wapi? Zikiwa zimetoka akaunti nyingine, iandike chini, uliza tena. Endelea hivyo mpaka ufike kwenye mshahara, faida ya biashara, mauzo ya mali, mirathi, zawadi, kiinua mgongo, fidia au gawio la hisa.

Kama mstari wako wa mwisho unasema "akiba", hujafika. Akiba ni mahali fedha zilipokaa. Endelea kushuka mpaka ulipozipata.

Sasa tafuta kwenye mchoro huo tarehe ya taarifa ya benki ya zamani kuliko zote unazoweza kuipata. Tuseme ni Januari 2016, na siku hiyo akaunti ilikuwa na salio la kuanzia la 28,000. (Jina la sarafu nimeliacha makusudi, hesabu ni ileile popote.) Kazi yako yote imegawanyika hapo. Kuanzia Januari 2016 hadi leo, taarifa zitajieleza zenyewe, wewe utafafanua maingizo makubwa tu. Kabla ya hapo, una jambo moja la kueleza: hizo 28,000 zilijengekaje? Mnunuzi akiliona hili, nusu ya wasiwasi humtoka, kwa sababu alidhani anatakiwa kufufua kila mwezi wa miaka ishirini, kumbe anatakiwa kueleza namba moja.

4. Omba kumbukumbu benki.

Usiombe "steitimenti zangu". Utapewa za miezi 6. Omba hivi: taarifa kamili ya akaunti namba fulani, tangu kufunguliwa au tangu kumbukumbu za kwanza zilizopo, hadi leo. Kwa kipindi ambacho taarifa hazipo tena, omba barua ya benki inayotaja tarehe ya kufungua akaunti, jina la mwenye akaunti na, ikiwezekana, salio la mwisho wa kila mwaka. Kama taarifa zimeshafutwa, omba pia waandike kwamba zimefutwa kwa mujibu wa utaratibu wao wa kutunza kumbukumbu. Barua hiyo ya "hatuna" ina thamani kubwa: inaonyesha kwamba pengo limetokana na benki, hukulitengeneza wewe.

Ofisa wa kaunta akikwambia haiwezekani, omba kwa barua kwenda makao makuu. Benki nyingi zina hifadhi ya nyaraka ambayo tawi haliwezi kuifikia. Nchi nyingi pia zina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayokupa haki ya kupata nakala ya kumbukumbu zako, nawe unaweza kuitaja ndani ya barua.

Zikija, zikague hapohapo. Kila ukurasa uwe na jina lako, jina la benki na namba ya akaunti. Kurasa zifuatane: ikiandikwa "3 kati ya 6", lazima 4, 5 na 6 ziwepo, hata kama ya mwisho ina maandishi madogo ya masharti tu. Salio la kufungia la taarifa moja lilingane na la kuanzia la inayofuata. Pasipolingana, kuna taarifa imekosekana katikati.

5. Fafanua kila ingizo kubwa.

Pitia taarifa mstari kwa mstari, ukiwa na kiwango ulichopewa katika hatua ya 1. Kila ingizo linalozidi hapo, lipe namba na karatasi yake:

- Mshahara: slipu za miezi michache na barua ya mwajiri. Usilete slipu zote za miaka 10 bila kuombwa.
- Biashara yako: hesabu za mwaka, ritani za kodi, na kumbukumbu ya fedha zilivyotoka kwenye kampuni kuja kwako. Fedha za kampuni si zako mpaka zilipwe kwako kama mshahara, gawio au marejesho ya mkopo.
- Mauzo ya mali: mkataba wa mauzo, na ushahidi kwamba mali ilikuwa yako.
- Mirathi: hati ya msimamizi wa mirathi na mgawanyo unaoonyesha fungu lako.
- Zawadi: barua ya mtoaji ikitaja uhusiano wenu, kiasi, kwamba si mkopo na kwamba hadai sehemu ya nyumba. Mwandae mapema, kwa sababu naye ataombwa taarifa zake za benki, na wazazi wengi hukwazika wakiambiwa ghafla.
- Upatu au kikundi cha kuweka na kukopa: daftari au barua ya viongozi yenye michango yako na tarehe ya kupokea, pamoja na malipo uliyokuwa ukituma yakionekana kwenye akaunti yako.

6. Ziba mapengo kwa ushahidi wa pembeni.

Turudi kwenye zile 28,000. Taarifa za benki hazipo, lakini maisha yako yaliacha alama kwingine.

Ya kwanza ni mfuko wa pensheni. Mifuko hii hulazimika kukumbuka michango ya mtu hadi atakapostaafu, kwa hiyo mara nyingi inajua mwajiri wako wa mwaka 2004 hata kama wewe umemsahau. Taarifa yake inaweza kuonyesha mwajiri, mwaka na kiwango cha mchango. Kutoka kwenye mchango, mshahara unakokotoleka.

Ya pili ni ritani za kodi. Zinaonyesha kipato, na pale riba ya benki inapotozwa kodi, huonyesha na riba. Mstari huo mdogo una nguvu kuliko unavyodhani. Ikiwa cheti cha kodi cha mwaka 2012 kinasema ulipata riba ya 800, na akaunti yako ilikuwa ikilipa asilimia 4 kwa mwaka, basi mwaka ule ulikuwa na wastani wa 20,000 benki. Umethibitisha salio bila kuwa na hata ukurasa mmoja wa taarifa ya benki.

Ya tatu ni karatasi za kabatini. Kitabu cha akiba chenye mihuri ya kaunta, cheti cha amana, risiti ya kuweka fedha, barua ya benki ya kukutakia heri ikitaja namba ya akaunti. Usitupe kitu kabla ya kukipiga picha.

Baada ya hapo ndipo inakuja hati ya kiapo: maelezo unayoyaapia mbele ya kamishna wa viapo au mthibitishaji. Ifanye iwe ya mwisho. Peke yake ni neno lako tu. Ikikaa juu ya taarifa ya pensheni na cheti cha riba, inaunganisha yote. Na kwa kuwa ni kiapo, usiandike tarehe au kiasi usichokuwa na hakika nacho. Andika "kati ya 2005 na 2008", "takribani". Kusema uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai.

7. Piga hesabu, ifungane.

Msomaji wa faili lako atafanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi wenyewe: atajumlisha. Mtangulie. Huu ni mfano wa mtu mwingine, mwenye salio la 61,400:

- Akiba ya mshahara, Januari 2009 hadi Desemba 2015: 250 × miezi 84 = 21,000
- Malipo ya kuondoka kazini, 2016: 7,500
- Akiba ya mshahara, Januari 2016 hadi Desemba 2023: 300 × miezi 96 = 28,800
- Kuuza gari, 2019: 2,800
- Riba ya miaka yote: 6,300
- Kutoa kwa ajili ya matibabu, 2020: −5,000
- Jumla: 61,400

Angalia ule mstari wa matibabu. Watu huficha fedha walizotoa wakidhani zinawaaibisha, kumbe ndizo zinazofanya hesabu ifungane. Kisha pima kama hesabu inaaminika: mtu huyu mwaka 2009 alikuwa akipokea 1,100 kwa mwezi, kwa hiyo kuweka 250 kunawezekana. Angekuwa anapokea 300, kuweka 250 kungehitaji maelezo mengine, kwa mfano kwamba aliishi kwa wazazi bila kulipa kodi ya nyumba. Kama ndivyo, sema. Ni maelezo halali na ya kawaida kabisa.

Hesabu isipofungana kwa kiasi kidogo, usilazimishe. Andika "tofauti ya 350 sijaweza kuifuatilia". Namba iliyonyooshwa kwa nguvu huzua maswali zaidi kuliko pengo dogo lililokiriwa.

8. Andika barua ya maelezo.

Ukurasa mmoja, ikizidi sana miwili. Ifuate mpangilio wa wakati, kila sentensi iwe na namba ya kiambatisho. Kwa mfano:

"Mimi, mnunuzi wa nyumba tajwa, naeleza chanzo cha 61,400 zilizoko kwenye akaunti yangu inayoishia na 4471. Nilianza kuweka akiba Januari 2009 nikiwa nimeajiriwa kama fundi wa maabara (Kiambatisho 1: taarifa ya michango ya pensheni). Niliweka takribani 250 kila mwezi kwenye akaunti ya awali, ambayo niliifunga Desemba 2015 na kuhamishia salio lote kwenye akaunti ya sasa (Kiambatisho 2: barua ya benki, Kiambatisho 3: taarifa ya Januari 2016). Taarifa za kabla ya 2016 benki imeeleza kwamba hazipo tena. Badala yake naambatisha vyeti vya riba vya 2011 hadi 2015 (Kiambatisho 4). Mwaka 2016 nililipwa 7,500 nilipoondoka kazini (Kiambatisho 5)…"

Endelea hivyo hadi leo, malizia na tarehe na saini. Usiweke sifa zako, malalamiko wala mistari ya kuomba huruma. Anayesoma anataka kulinganisha sentensi na karatasi, aweke alama ya ndiyo, asonge mbele.

9. Panga faili na ulitume kwa njia salama.

Yape mafaili majina yanayojipanga yenyewe: "01_pensheni_2009-2015", "02_barua-ya-benki", na kadhalika. Barua na hesabu viwe mbele. Faili hilohilo moja mpe kila anayeuliza. Benki ikipata maelezo haya na wakili akapata yale, tofauti ndogo tu inaweza kusimamisha ununuzi.

Tumia mfumo wa kupakia nyaraka wa wakili au wa benki kama wanao. Na hili naomba ulizingatie sana: matapeli huvizia barua pepe za wanunuzi wa nyumba. Ukipata ujumbe unaokutaka utume nyaraka au fedha kwenye anwani au akaunti mpya, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyoandikwa ndani ya ujumbe huo.

Makosa yanayogharimu

Usikatekate. Kupeleka keshi benki kwa mafungu madogo ili usifikie kiwango ambacho benki hutakiwa kukiripoti kwa mamlaka ni kosa la jinai katika nchi nyingi, hata kama fedha yenyewe ni halali. Kama una keshi ya kweli, ongea na wakili kwanza, kisha iweke yote kwa uwazi.

Usihariri taarifa ya benki. Kufuta mistari ya matumizi binafsi, kuficha jina la uliyemtumia fedha, hata kupaka rangi kwenye faili la asili, kunaweza kulifanya lionekane limechezewa. Faili la kidijiti hubeba alama za programu iliyolibadilisha. Ukitaka kuonyesha mistari, tengeneza nakala na uiite nakala.

Picha za skrini za programu ya simu hukataliwa mara nyingi. Pakua taarifa rasmi.

Zawadi usiiite mkopo, wala mkopo usiuite zawadi. Kama ndugu yako anatarajia kurudishiwa, benki inatakiwa kujua.

Na usitume karatasi mia tatu bila mpangilio ukidhani wingi utawashawishi. Zitasomwa polepole, na kila ukurasa usiohitajika unaweza kuzaa swali jipya.

Mambo yakikwama

*Benki haipo tena.* Benki ikinunuliwa au kuungana na nyingine, kwa kawaida kumbukumbu huenda kwa mrithi wake. Ikiwa ilifilisika, tafuta mfilisi wake, mfuko wa bima ya amana au benki kuu. Barua yoyote ya kulipwa fidia ya amana ni ushahidi mzuri wa kiasi ulichokuwa nacho.

*Sarafu ilibadilika.* Andika kiasi kwa sarafu ya wakati huo, kisha weka kiwango rasmi cha kubadilishia. Aliyekuwa na akiba kwa mark ya Ujerumani, kwa mfano, hatumii makadirio: kiwango ni mark 1.95583 kwa euro 1, na hakijabadilika tangu Januari 1, 1999.

*Mwajiri alishafunga.* Taarifa ya pensheni na ritani za kodi zinatosha mara nyingi. Mkataba wa zamani wa ajira au cheti cha utumishi kikipatikana, kiongeze.

*Jina kwenye karatasi si langu la sasa.* Hati ya ndoa au ya kubadili jina. Kwa tofauti ya herufi moja mbili, hati fupi ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja.

*Fedha zilikuwa kwenye akaunti ya mwenzi au mzazi.* Eleza kwa nini, kisha thibitisha njia mbili: zilivyotoka kwako kwenda kwake, na zilivyorudi. Usipoweza kuthibitisha kwamba zilikuwa zako, zitahesabiwa kama zawadi kutoka kwake, naye ataombwa chanzo chake. Hilo halina ubaya, ila lisemwe mapema.

*Keshi ya nyumbani.* Ndiyo ngumu kuliko zote, na wapo mawakili na benki watakaoikataa hata ukiwa na maelezo mazuri. Kinachosaidia ni miamala ya kutoa fedha kwenye akaunti yako ya zamani inayokaribiana na kiasi hicho, risiti za mauzo, na kipato kinachoweza kuzaa kiasi hicho. Pasipo hivyo, panga kununua kwa sehemu nyingine ya fedha.

*Sarafu za kidijiti.* Pakua historia yote ya miamala kutoka kila soko ulilotumia, hata kama umeshauza zote: fedha zilizoingia kutoka benki, ununuzi, uhamisho, mauzo, na fedha zilizorudi benki. Ifanye leo kama unafikiria kununua nyumba miaka ijayo, maana masoko haya hufungwa, na yakifungwa huondoka na historia yako.

*Nyaraka ziko kwa lugha nyingine.* Tumia mfasiri aliyeidhinishwa, na utume asili pamoja na tafsiri.

*Nimetuma kila kitu, wako kimya.* Uliza kwa upole, kwa maandishi: "Kuna nini kinachokosekana?" Wakati mwingine hawawezi kukujibu, kwa sababu sheria huwakataza kumweleza mteja kama kuna ripoti iliyopelekwa kwa mamlaka. Ukimya wa namna hiyo huwapata hata wasio na kosa lolote. Usianze kuhamisha fedha kwa hofu.

*Wakili amekataa kabisa.* Omba sababu kwa maandishi, kama anaruhusiwa kuzitoa. Unaweza kwenda kwa mwingine, ila mweleze wa pili kwamba ulikataliwa na kwa nini. Akiligundua mwenyewe, imani imeshapotea.

*Muda unaisha na muuzaji hasubiri.* Angalia kwenye hesabu yako ya hatua ya 7 ni sehemu gani ina ushahidi kamili. Kama 45,000 kati ya 61,400 zina karatasi zote, muulize wakili kama ununuzi unaweza kukamilishwa kwa hizo pamoja na mkopo mkubwa kidogo, wakati zilizobaki zikiendelea kutafutiwa ushahidi. Sambamba na hilo, mwombe muuzaji nyongeza ya siku kupitia wakili, ukitaja tarehe ambayo benki imeahidi kutoa kumbukumbu. Muuzaji husubiri kwa urahisi zaidi akipewa tarehe.